Nikifa Mimi, Atakuwa kwa Nani? Darsa juu ya Watu Wazima Wenye Usonji

Baada ya darsa moja hapa Thika, watu walipokwisha kutoka, alibaki mama mmoja aliyekuja kutoka Ruiru. Akasema: "Maalim, mwanangu ana miaka 34. Hasemi illa maneno machache, na hayo huyarudia rudia. Baba yake amekufa. Mimi nina maradhi ya sukari na macho yameanza kunitupa. Nikifa mimi, atakuwa kwa nani?" Maneno ya kumpa pole tulikuwa nayo, na tulimpa. Jawabu hatukuwa nalo. Swali lile lilitufuata majumbani kwetu, na katika vikao vilivyofuata jamaa wa darsa tuliliweka mbele yetu, tukasoma waliyoyaandika wataalamu na tukawauliza wazazi wengine walio katika hali kama yake. Haya twayaandikayo leo ndiyo tuliyoyapata.

Yatupasa kwanza kulielewa jina. Usonji ni hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo na kuishi nayo umri wake wote. Mwenye hali hii huwaona watu na mambo kwa njia yake mwenyewe: mazungumzo ya wenziwe humwia mazito, hupenda kila kitu kiende kwa utaratibu ule ule wa jana na juzi, na kelele au mwanga ambao sisi hatuujali yeye waweza kumuumiza kweli kweli. Si wazimu, wala si ugonjwa wa kuambukiza, wala hautokani na mama kumlea mwanawe vibaya. Tena si wa namna moja. Yuko asiyesema neno na asiyeweza kujivika nguo, na yuko aliyemaliza chuo kikuu, anafanya kazi na kulipa kodi ya nyumba, wala hajui kwamba ule ugeni anaouona baina yake na watu una jina. Huyu wa pili anabeba wajibu wa dini kama sisi sote. Huyo wa kwanza huenda kalamu imeondolewa juu yake. Ni makosa kuwahukumu wote kwa hukumu moja.

Kwa nini tuseme juu ya watu wazima, na hali watu husikia habari za usonji wakitajiwa watoto? Kwa sababu mtoto hukua. Mtoto wa miaka mitano akirukaruka na kupiga makofi katika kituo cha matatu, abiria hucheka na wengine humwonea huruma. Akifika miaka 30 ana ndevu na kifua kipana, na kitendo kile kile huwatia watu hofu, wakamdhania mlevi au mwizi. Mwaka mmoja kijana wa aina hii alishikwa hapa mjini kwa kuingia dukani na kupanga upya makopo yaliyokuwa rafuni. Hakuiba kitu, aliyapanga tu, na aliyapanga vizuri kuliko mwenye duka. Lau si jirani aliyemtambua, sijui yangemfika yapi.

Mji wetu wa Thika una sifa nchi nzima katika kuwasomesha wenye ulemavu. Skuli ya vipofu ilianzishwa hapa mwaka 1946 na Jeshi la Wokovu, na hao hao baadaye wakaanzisha Joytown kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Vizazi vya vipofu vimejifunza nukta nundu katika mji huu, wakatoka wakawa walimu na wafanyakazi wa maofisini. Lakini upofu na kupooza huonekana kwa jicho. Usonji hauonekani, na kisichoonekana hukawia kupata skuli. Chama cha Usonji cha Kenya kiliundwa na wazazi mwaka 2003, na darasa la watoto hawa katika Skuli ya Msingi ya City, Nairobi, likafunguliwa mwaka huo huo. Hebu tufanye hesabu. Mtoto wa yule mama alikuwa amekwisha kutimiza miaka kumi na zaidi kabla ya jina la hali yake kuanza kutajwa hadharani nchini. Utoto wake alipitishwa katika madarasa matatu, na kila mara akarudishwa nyumbani: mara kiziwi, mara mjinga, mara mtukutu. Wenziwe wa rika lake ni wengi kutoka Githurai mpaka Makongeni, nao wote ni watu wazima waliokuzwa bila jina.

Tena si kwamba wataalamu hawakupita. Katika miaka ya 1970 alikuja Afrika mchunguzi aitwaye Victor Lotter, ambaye mwaka 1966 ndiye aliyetoa hesabu ya kwanza ya watoto wenye usonji katika wilaya ya Middlesex huko Uingereza. Alitembelea miji tisa ya nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo, akawaangalia watoto zaidi ya 1,300 katika vituo vya wenye upungufu wa akili, na mwaka 1978 akaandika kwamba wenye usonji aliowakuta walikuwa wachache kuliko alivyotarajia, na aghlabu ni wa wazazi wenye elimu na cheo. Hapa yatupasa kuwa na akili. Alitazama vituoni, na mtoto wa maskini hakufika kituoni. Alikuwa nyuma ya nyumba, au amefungwa kamba kwenye mguu wa kitanda ili mama aende kuchuma kahawa.

Au alikuwa kwa mganga. Mwaka 2015 wachunguzi wa Kilifi, Joseph Gona na wenziwe, walichapisha maneno waliyoyasikia kwa wazazi na wahudumu wa pwani yetu juu ya asili ya usonji. Wengine walitaja malaria na taabu za uzazi, na wengi wakataja pepo, uchawi na laana. Wala tusiwacheke watu wa pwani, kwani haya yako hapa hapa bara, tena baina yetu sisi tunaojiita watu wa darsa. Yule mama wa Ruiru alitueleza kwamba mwanawe alisomewa, akafukizwa, akanyimwa chakula siku tatu, na kila safari palitolewa fedha. Mwisho aliambiwa kwamba jini limekataa kutoka kwa sababu mama mwenyewe ana dhambi. Hatumtaji aliyesema hivyo. Twauliza tu: ni kitabu gani kilichomfundisha mtu huyu kumtwisha mjane dhambi ya ubongo wa mwanawe? Dua ni jambo jema, na kumwombea mgonjwa ni sunna. Kumfanya mtu mnyonge kuwa shamba la kuvuna fedha si dua.

Sasa tuje kwenye mambo yenyewe: watoto hawa wakikua huwa nini?

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika mwaka 1943 habari za watoto 11, na maandishi yake ndiyo yaliyoijulisha dunia hali hii. Mwaka 1971 alirudi kuwatafuta ili ajue mwisho wao. Waliopelekwa katika mahospitali makubwa ya serikali na kuachwa humo walikuwa wamezima kama taa iliyokosa mafuta. Hata yale machache waliyokuwa wakiyaweza utotoni yalikuwa yamepotea. Lakini wawili walikuwa wakifanya kazi, mmoja katika ofisi akitumia mashine za kunakilia, na mwingine katika benki. Huyu wa benki ni Donald Triplett, mtoto wa kwanza katika maandishi yale, naye aliishi mpaka mwaka 2023, akafa akiwa na miaka 89 katika mji wake mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi.

Kisa cha Donald twapenda kukirefusha kidogo, kwa kuwa kina faida kubwa kwa watu wa mashamba na viwanda kama sisi. Mwaka 1942 wazazi wake walimpeleka akakae kwa mkulima na mkewe, watu wa kawaida wasiokuwa na elimu ya udaktari. Kijana alikuwa na wazimu wa kupima vitu. Mkulima akamwambia achimbe kisima na amletee habari ya kina chake. Alikuwa akikusanya ndege na wadudu waliokufa; wakampa kipembe cha shamba awe na makaburi yake. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi tena na tena. Wakamfundisha ahesabu huku akilima kwa jembe la farasi. Hawakumkataza tabia yake, bali waliitafutia kazi ndani ya kazi ya nyumba. Baadaye alisoma akamaliza chuo mwaka 1958, na benki aliyofanyia kazi ilikuwa na mkono wa jamaa za mamake. Hakuishi hivyo kwa sababu usonji ulimwondoka, kwani haukumwondoka kamwe. Kulikuwa na watu wa mji mzima waliokubali kwamba huyu ni wao.

Lakini tusidanganyane. Waliobahatika namna hiyo si wengi. Mwaka 2004 Patricia Howlin na wenziwe huko London walitoa habari za watu wazima 68 waliokuwa wakijulikana tangu utotoni, tena wale ambao akili yao ilipopimwa haikuonekana kupungua mno. Waliwaangalia katika kazi, marafiki na uwezo wa kujitegemea. Walio katika hali nzuri walikuwa asilimia 22 tu, na zaidi ya nusu walikuwa katika hali dhaifu au dhaifu sana, bado mikononi mwa wazazi au katika nyumba za kulelewa. Hiyo ni nchi yenye skuli, madaktari na posho. Uchunguzi wa tangu miaka ya 1960 ulikwisha kuonyesha kwamba mtoto aliyepata kusema kabla ya kutimiza miaka sita, na ambaye akili yake haikupungua mno, hutarajiwa mema zaidi. Hayo hayamo mikononi mwetu.

Jambo lililotushughulisha zaidi ni lile lililomo mikononi mwetu. Mwaka 2009 ulitoka uchunguzi wa jimbo la Utah, Marekani, juu ya watu wazima 41 wenye usonji ambao akili yao ilikuwa ya kadiri au karibu yake. Nusu yao hivi walikuwa katika hali nzuri au nzuri sana, kadiri ambayo ilipita zile zilizozoeleka. Wachunguzi walipotafuta sababu waliona kwamba wengi wa watu wale ni wa kanisa la Wamormoni, ambalo huwapa waumini wake wote kazi na nafasi katika jamii ya ibada, wenye usonji wakiwamo: huyu apange viti, yule agawe vitabu, na asipoonekana wiki moja ataulizwa. Twakiri kwamba habari hii ilituonea haya. Imani yao siyo yetu, lakini je, katika misikiti yetu kuanzia Thika hadi Ruiru, ni mtu gani mwenye usonji aliyepewa kazi ya kupanga viatu au kukunja mikeka? Tulipohesabu tulimpata mmoja, naye alipewa kazi hiyo na bawabu, si na sisi wenye kushika vitabu. Wala hatuna udhuru wa kusema hatukufundishwa. Sura ya Abasa iliteremka kwa ajili ya kipofu, Abdallah bin Ummi Maktum, aliyeachwa kidogo kwa kuwashughulikia wakubwa wa Makureshi, na kipofu huyo baadaye akawa mwadhini.

Kazi yenyewe ina manufaa kuliko mshahara. Wachunguzi wa Marekani waliofuatana na watu wazima 153 wenye usonji kwa muda wa miaka mitano na nusu waliandika mwaka 2014 kwamba wale waliokuwa na shughuli ya kujitegemea zaidi ndio ambao tabia zao ngumu zilipungua baadaye na uwezo wao wa mambo ya kila siku ukazidi. Watu hudhani kwamba kijana atapewa kazi atakapotulia, na hali ni kwamba hutulia kwa sababu ya kazi. Katika miji yetu hii kazi za namna hiyo zipo. Pana viwanda, pana vitalu vya miche, pana maduka ya vifaa vya ujenzi ambayo misumari na skrubu zake zimechanganyikana miaka kumi bila wa kuzichambua. Mashamba ya kahawa ya Ruiru yamekatwa viwanja na yanaendelea kukatwa, na pamoja nayo zimekwenda kazi tulivu za mkono ambazo zamani mtu asiye na maneno aliweza kuzifanya bila kuulizwa maswali. Atakayemwajiri mtu huyu amwonyeshe kazi kwa mkono, si kwa hotuba, asimbadilishie saa kwa ghafula, ampe mahali pasipo kelele, na amlipe. Twasisitiza kulipa, kwa sababu tumeona wanaojidai kumsaidia mtu kwa kumchotesha maji kutwa nzima na kumpa chai.

Amma ndoa, kuna jamaa ambao humwoza kijana wao kwa kudhani kwamba mke ni dawa, na watu wa binti hawaambiwi lolote. Ndoa yake si haramu akiitaka na akiielewa, na wako wenye usonji walio waume na wake wazuri. Lakini kumficha binti wa watu jambo hili ni hadaa, na mke si muuguzi wa kutafutwa kwa mahari ndogo.

Pana habari moja nzito zaidi. Huko Sweden mwaka 2016 ilichapishwa hesabu ya vifo iliyowalinganisha watu wenye usonji na wengine wa nchi ile. Miongoni mwa waliokufa, wenye usonji walikufa kwa wastani wa miaka 54, na wengine 70. Wenye usonji pamoja na upungufu wa akili walikufa karibu na miaka 40, na kifafa kilikuwa sababu kubwa. Na kwa wale wenye akili timamu kulionekana kujiua kwingi. Basi mzazi ajue kwamba kwa baadhi yao kifafa huanza wakati wa kubaleghe, na kwamba kifafa kina dawa, wala kisingojewe mganga. Asiyesema hawezi kutwambia kwamba jino linamuuma. Huenda akajipiga kichwa ukutani, tukasema jini limepanda. Aangaliwe jino kwanza. Na yule kijana mwerevu, mpweke, anayesema amechoka na dunia, asiambiwe kwamba imani yake ni ndogo. Akae na mtu, tena apelekwe kwa daktari.

Tumerudi kwa swali la mama: atakuwa kwa nani? Tuliona kwamba swali hili lina sehemu ambazo zaweza kujibiwa angali hai, na kwamba watu wengi huliacha mpaka matanga.

Mwanawe hakuwa na kitambulisho. Alipofika miaka 18 waliona hana haja nacho, kwani haendi popote. Asiye na kitambulisho hana hesabu ya benki, wala hawezi kuandikishwa katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lililowekwa na sheria ya 2003, ambayo sasa nafasi yake imechukuliwa na sheria ya 2025. Ile posho ya shilingi 2,000 kwa mwezi, ambayo serikali ilianza mwaka 2011 kuwapa baadhi ya walio na ulemavu mkubwa wa kuhitaji kuangaliwa saa zote, haimfikii mtu ambaye serikali haijui kwamba amezaliwa. Twawahimiza wenye jamaa wa namna hii waanzie hapo, kisha waende hospitali ya serikali iliyoruhusiwa kumpima ili aandikishwe.

Kisha mali. Sheria ya mirathi ya nchi imewaachia Waislamu hukumu za dini yao, na katika hukumu hizo mwana mwenye usonji hurithi fungu lake kamili kama ndugu zake, hata kama hajui shilingi ni kitu gani. Asiyeweza kuisimamia mali yake husimamiwa: na baba, kisha babu wa kuumeni, kisha wasii aliyeachwa na hao, na akikosekana ni juu ya kadhi kumteua msimamizi. Nayo Sura ya Nisaa imeamrisha kwamba mtu huyo alishwe na avikwe kutokana na mali hiyo na asemezwe maneno mema. Twaonaje basi mtu akila kiwanja cha nduguye, akasema "huyu ana haja gani na kiwanja"? Ana haja nacho kuliko yeye, maana ndicho chakula chake cha miaka 30 ijayo.

Mzazi hawezi kumwongezea mrithi kwa wasia illa warithi wenziwe waridhie. Lakini aweza kumpa hiba angali hai kwa sababu ya haja yake, na aweza kuweka wakfu, chumba kimoja cha kupangisha kwa mfano, kodi yake imtunze maisha yake yote na baadaye irudi kwa maskini. Nchi ina sheria ya wakfu ya mwaka 2022 na tume yake. Jambo hili wazee wetu wa pwani walilijua sana, na sisi wa bara tumelisahau.

Mwisho tulimshauri mama aandike, au aandikiwe, karatasi moja isiyohusu mali. Ndani yake yatiwe yale ambayo yeye peke yake anayajua: kwamba mwanawe hali ugali uliogusana na mchuzi, kwamba akiziba masikio asishikwe mkono, kwamba neno "gari" kwake maana yake ni "nataka kutoka", dawa yake ni ipi na saa ngapi, anamwamini nani mtaani. Alicheka, akasema yatajaza daftari. Yalijaza kurasa kumi na moja, binti wa jirani akiandika.

Katika ukurasa wa kwanza tuliacha mistari miwili ya majina ya watakaomchukua. Wa kwanza alijazwa, naye ni mpwa wa mama, anakaa Kimbo. Kwa mstari wa pili aliulizwa mmoja wetu wa darsa, akaomba wiki moja akazungumze na mkewe. Wiki haijesha.